Umeona Nini, na Nani Atakuamini? Historia ya Kamera za Bei Rahisi Juu ya Hadubini

Kila nikiweka video ya tone la maji ya mtaro, swali la kwanza huwa ni lile lile: ulitumia kamera gani? Nikijibu kwamba ni simu yangu ya kawaida, hii iliyopasuka kioo kwa kona, watu wanadhani nawaficha siri ya biashara. Kuna msee aliniambia ameangalia mtandaoni akakuta kile kishikio cha kuunganisha kamera na hadubini, kipande cha chuma na lenzi moja ndani, kinauzwa bei ya kushinda hadubini yenyewe. Hakuwa anadanganya. Vipande hivyo wanunuzi wake wakubwa ni vyuo na hospitali, yaani watu ambao hawatoi pesa mfukoni mwao, na bei imepangwa ikijua hivyo.

Maelekezo ya fundi yatakuwepo kidogo, usijali. Lakini leo nataka kuongea historia, kwa sababu nimechoka kusikia ati kupiga picha kupitia hadubini ni mambo ya maabara kubwa, na sisi wa simu na tepu tunacheza tu. Ukifuatilia hii stori tangu mwanzo utakuta watu wa kuungaunga ndio waliotangulia. Utakuta pia kwamba picha ya kupendeza haikuwa shida yao kubwa. Shida yao ilikuwa kuaminiwa.

Hebu twende mji wa Delft, Uholanzi, miaka ya 1670. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Hakusoma chuo kikuu, na Kilatini, ambayo ndiyo ilikuwa lugha ya wasomi wa Ulaya, hakuijua. Alijitengenezea hadubini za lenzi moja ndogo sana, unaishika mkononi na kuisogeza karibu kabisa na jicho. Mwaka 1676 akaandikia Royal Society ya London kwamba ndani ya maji kuna viumbe wadogo wanaoogelea, wengi ajabu, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona. Sasa wewe jiweke kwa viatu vya wazee wale wa London. Muuza vitambaa anakwambia maji unayokunywa yamejaa wanyama. Utamwamini?

Alichofanya Leeuwenhoek ni kutafuta mashahidi. Mwaka 1677 aliwaita watu wa heshima wa mtaani kwake, wakiwemo wachungaji wa kanisa, wakaja mmoja mmoja, wakaangalia kwenye kile kilenzi, kisha wakaandika barua za kuthibitisha kwamba wameona. Barua hizo zikatumwa London. Kule nako Robert Hooke alihangaika na vyombo vyake mpaka akawaona wale viumbe mwenyewe, na hapo ndipo mambo yakatulia. Yaani kabla kamera haijakuwepo, ushahidi wa hadubini ulikuwa sahihi ya pasta.

Hiyo ndiyo kasoro ya hadubini ambayo watu hawaitaji. Inaonyesha mtu mmoja kwa wakati mmoja. Nilikaa mwaka mmoja na nusu kwenye kozi ya maabara kabla karo kunishinda nikatoka, na darasani tulikuwa zaidi ya 40 na hadubini 6, moja ikiwa na kioo cha mwanga kilichovunjika. Mwalimu anapanga slaidi, mnapiga foleni, unainama sekunde 10, anauliza, "Umeiona?" Unasema ndiyo. Kila mtu alisema ndiyo. Nina hakika nusu ya darasa waliona kope zao wenyewe, maana ukikaribia lenzi vibaya hizo ndizo zinaonekana, nyeusi na ndefu kama majani ya mnazi. Na hakukuwa na namna mwalimu angejua, kwa sababu kilicho ndani ya jicho langu hakioni.

Kumbe shida hiyo hiyo ilimkera daktari mmoja wa Paris aliyeitwa Alfred Donné. Alikuwa akifundisha masomo ya hadubini wakati madaktari wengi wenye majina walikuwa wanaidharau, wanasema ni kifaa cha kuota ndoto, kila mtu anaona chake. Mwaka 1839 ikatangazwa hapo hapo Paris njia ya Louis Daguerre ya kupiga picha: unachukua bamba la shaba lililopakwa fedha, unalipitisha kwenye mvuke wa iodini, unaliacha lipate mwanga, kisha mvuke wa zebaki unatoa picha. Donné hakungoja. Kufikia mwaka 1840 alikuwa tayari anawaonyesha wasomi wa Academy of Sciences picha zilizopigwa kupitia hadubini. Uingereza nako William Henry Fox Talbot alikuwa na zake kwenye karatasi. Kwa maneno mengine, picha ya hadubini karibu ni rika moja na picha yenyewe. Haikuja baadaye kama pambo.

Msaidizi wa Donné ndiye ninayempenda zaidi kwenye hii stori yote. Aliitwa Léon Foucault. Alikuwa ameanza kusomea udaktari akaacha, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona damu. Sisemi hivyo kwa kuwa mimi pia niliacha chuo (sawa, kidogo). Nasema kwa sababu ya kilichofuata: mtu aliyekimbia damu ndiye alikaa na Donné wakipiga picha za chembe za damu, na maziwa, na majimaji mengine ya mwili, mpaka mwaka 1845 wakatoa atlasi yenye picha 86. Huyu ndiye Foucault yule wa pendula ya mwaka 1851, iliyoonyesha watu wa Paris kwamba dunia inazunguka. Hata hilo ukiliangalia vizuri ni jambo la aina ile ile. Kuonyesha umati kitu ambacho jicho la mtu mmoja haliwezi kukitetea.

Walikuwa na matatizo mawili, na yote mawili utayakuta ukianza kuunga kamera yako leo. La kwanza ni mwanga. Hadubini ikikuza, picha inafifia, na jua la Paris si jua la Kisumu. Foucault akaunda taa ya umeme, vijiti viwili vya kaboni vinavyotoa cheche kali kwa nguvu ya betri, ikatumika kurusha picha ya hadubini ukutani darasa zima lione pamoja. Hiyo ni miaka ya 1840! Darasa langu lilikuwa bado linapiga foleni.

Tatizo la pili lilikuwa la uchapishaji. Picha ya Daguerre ni moja tu, iko kwenye bamba, huwezi kuitoa nakala. Kwa hiyo mchongaji alikaa akainakili kwa mkono kwenye bamba la kuchapia. Fikiria uchungu huo. Umetafuta mashine ya kuondoa mkono wa mchoraji katikati, halafu mwisho wa safari mkono wa mchoraji unarudi. Lakini hata hivyo walikuwa wamepiga hatua, kwa sababu mchongaji sasa alikuwa na kitu cha kulinganisha nacho, hakuwa anachora kumbukumbu ya jicho la Donné.

Nitapita haraka kwa Robert Koch kwa sababu wengi mnamjua. Mwaka 1877 alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, siku hizi Wolsztyn, Poland. Hakuwa na maabara ya chuo. Alikuwa amekigawa chumba cha wagonjwa kwa pazia. Mwaka huo akachapisha picha za kwanza za bakteria. Hoja yake ilikuwa rahisi: wasomi walikuwa wanabishana kuhusu michoro, kila mmoja amechora kimelea kile kile na kimetoka tofauti, na huwezi kumaliza ubishi kwa kuongeza mchoro mwingine. Weka picha mezani, tuiangalie sote.

Koch huyu huyu alifika huku kwetu. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa kwenye visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, akishughulika na ugonjwa wa malale. Aliwatibu watu kwa atoxyl, dawa yenye arseniki, na baadhi yao walipofuka. Kila nikisoma habari za kambi ile huwa nawaza upande wa wagonjwa. Damu ni yao, ugonjwa ni wao, lakini jicho linaloamua ni la mtu mwingine, na hawana njia ya kuuliza swali. Tutarudi kwa jambo hilo.

Sasa Wilson Bentley. Hapa nitakaa, maana kama kuna mtu anastahili kuitwa mzee wetu, sisi wa bajeti ndogo, ni yeye. Alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani, kwa wakulima. Masomo mengi alipewa nyumbani na mamake, aliyekuwa mwalimu zamani, na ni mamake aliyempa hadubini ya kizee. Kijana akaitumia kuangalia theluji. Miaka kadhaa alijaribu kuchora kila chembe kabla haijayeyuka. Haiwezekani. Unachora mkono mmoja wa nyota, unainua macho, mikono mingine mitano imeshakuwa maji.

Akasikia kuna kamera inayoweza kuunganishwa na hadubini. Kamera na hadubini kwa pamoja vilikuwa dola 100, na kwa shamba la Vermont wakati ule hiyo ilikuwa pesa ya kuuliza mara mbili. Babake aliona ni upuzi lakini mwishowe akatoa. Bentley mwenyewe alisema baadaye kwamba mzee hakuwahi kuamini kama pesa ile ilikwenda mahali pa maana. Wale mnaojaribu kueleza wazazi kazi ya mtandaoni, mnanielewa.

Ununuzi haukumaliza kazi. Kamera za wakati huo zilikuwa ndefu, zina mfuko unaokunjwa kama kodiani, na ukisimama nyuma kuangalia kioo, mkono haufiki kwenye skrubu ya kurekebisha hadubini mbele. Bentley akafunga kamba na magurudumu madogo ili aizungushe skrubu akiwa huku nyuma. Ni kazi ya jua kali kabisa. Alifanya kazi kibandani bila moto, mlango wazi, akikamata theluji kwenye ubao mweusi, anaisogeza kwa kijiti, anailaza kwa unyoya, anabana pumzi asije akaiyeyusha. Tarehe 15 Januari 1885, akiwa na miaka 19, akapata picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji. Kabla ya kufa alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Aliuza nakala senti 5 moja. Kitabu chake kikubwa, chenye picha zaidi ya 2,400, kilitoka mwaka 1931, na Bentley akafa tarehe 23 Desemba mwaka huo huo.

Lakini si hadithi tamu tupu. Picha za Bentley, zile za chembe nyeupe juu ya weusi mtupu, hazikutoka kwa kamera hivyo. Theluji ni nyeupe na mwanga nyuma yake ni mweupe, kwa hiyo alichukua nakala ya negativu akakwangua kwa kisu pembeni mwa kila chembe, ili sehemu ya nyuma itoke nyeusi. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Gustav Hellmann, akamshambulia. Hellmann alikuwa na picha zake zilizopigwa Berlin na Richard Neuhauss, na kwenye hizo theluji nyingi zilionekana zimepindapinda, zimevunjika, hazina ule ulinganifu. Akauliza: hivi kisu cha Bentley kinaishia wapi, pembeni mwa theluji au ndani yake?

Bentley alijitetea kwamba alikuwa anaondoa nyuma tu. Mimi namwamini, hasa kwa kuwa nakala zisizokwanguliwa zilikuwepo. Ila Hellmann naye alikuwa na pointi kubwa kuliko ile ya kisu: Bentley alipenda chembe nzuri, akazichagua, na sisi sote tumekua tukidhani theluji yote iko vile. Nani amewahi kuona picha ya theluji mbaya? Hata mimi nikirekodi tone la maji dakika 20, natoa sekunde 30 za yule kimelea anayezunguka kama feni, na uchafu uliobaki hamuuoni. Kamera inamaliza ubishi mmoja na kufungua mwingine. Afadhali ubishi wa picha tunayoiona wote kuliko ubishi wa macho ambayo kila mtu ameenda nayo nyumbani.

Kwa miaka mingi baada ya hapo kamera ya hadubini ilibaki kuwa ya filamu, na ilikuwa inakula pesa kila unapobonyeza. Unapiga, unapeleka kusafishwa, unangoja, unakuta zote zimetoka na ukungu. Kilichobadilisha hali ni kile kipande kidogo kinachopokea mwanga badala ya filamu. Cha kwanza kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith kwenye maabara ya Bell, Marekani, na mwaka 2009 wakapewa Nobel. Kisha miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake kwenye maabara ya JPL ya NASA walikuwa wanatafuta kamera nyepesi isiyokula umeme mwingi, kwa ajili ya vyombo vya anga. Aina waliyoendeleza ndiyo ilikuja kuingia kwenye simu. Hii kamera iliyo mfukoni mwako, ambayo unapigia picha chapati, ukoo wake ulikuwa unaelekea sayari nyingine.

Mwaka 1994 ikatoka QuickCam ya Connectix, kama mpira wa kijivu unaokaa juu ya kompyuta, karibu dola 100, picha za kijivu tu. Hizi kamera ndogo za kompyuta zilipozidi kushuka bei, wapenda nyota na wapenda hadubini wakaanza kuzifungua na kung'oa lenzi. Sababu yake wacha niieleze, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Kuna njia mbili za kuunga kamera. Njia ya kwanza unaiacha lenzi ya jicho ya hadubini mahali pake na kuweka simu pale jicho lingekuwa. Miale inatoka pale ikiwa imenyooka, kama inatoka mbali, na lenzi ya simu inaikusanya kama jicho lako linavyofanya. Njia ya pili unatoa lenzi ya jicho kabisa. Ile lenzi ya chini, iliyo karibu na slaidi, tayari inatengeneza picha yake juu ya bomba, inaelea hapo hewani. Ukiweka kile kipande cha kamera bila lenzi yoyote mahali picha inapoelea, imeshika. Ndiyo maana walikuwa wanang'oa. Ubaya wa njia hii ni kwamba ile picha inayoelea ina upana wa karibu milimita 18 au 20, na kipande cha kamera ya bei rahisi kina upana wa milimita 4 au 5 hivi. Unapata kona tu ya mambo, kama kuangalia mechi kupitia tundu la ufunguo. Kile kishikio cha bei ya kutisha nilichotaja mwanzo, lenzi iliyo ndani yake kazi yake kubwa ni kuipunguza picha itoshee hapo. Hakuna uchawi mwingine.

Mwaka 2009 timu ya Daniel Fletcher, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilichukua Nokia N73, simu ambayo wakubwa wenu walikuwa nayo, wakaiunga na lenzi za hadubini, wakapiga picha za vimelea vya malaria kwenye damu na bakteria wa kifua kikuu kwenye makohozi. Simu ya kawaida kabisa. Hapo kazi ikawa imetoka kwa wapenda burudani ikaingia hospitalini.

Halafu ikafika Pemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ukiongozwa na daktari wa Kanada, Isaac Bogoch, ulifanyika na watoto wa shule kisiwani humo. Kifaa chao sikiliza vizuri: iPhone 4S, lenzi ya mviringo kama gololi ndogo yenye upana wa milimita 3, iliyogharimu dola 8, tepu ya kubandika pande mbili, na tochi. Basi. Leeuwenhoek angekitambua mara moja, maana ni kilenzi chake kile kile, ila safari hii nyuma yake kuna kamera. Wakakitumia kusoma slaidi 199 za kinyesi kutafuta mayai ya minyoo, kisha wakalinganisha na hadubini ya kawaida.

Matokeo yake ndiyo yananifanya niuheshimu utafiti huo. Kwenye slaidi zenye minyoo ya mviringo, ile mikubwa, simu iliikamata kwa asilimia 81. Minyoo ya mjeledi, 54. Safura, asilimia 14 tu. Mayai ya safura yana ganda jembamba na hupotea haraka slaidi ikikaa, na picha ya gololi ni safi katikati tu, pembeni inavutika. Waliandika hayo yote bila kuficha. Kwa mtoto mwenye minyoo mikubwa, simu na tepu vingemsaidia. Kwa mtoto mwenye safura, inayomnyonya damu kimya kimya, kifaa hicho kingemwambia mamake kwamba ni mzima, mara sita katika saba. Kwa hiyo nikikwambia bei rahisi inatosha, niulize mara moja: inatosha kuona nini?

Mwaka juzi dadangu mdogo alishikwa na homa tukiwa nyumbani, kule magharibi ambako malaria ni ya mwaka mzima. Zahanati ya kwanza ikamtoa damu, karatasi ikarudi imeandikwa malaria, plasi tatu. Homa haikushuka, mchana huo huo tukaenda ya pili. Karatasi ikarudi: hakuna vimelea. Niliuliza kama naweza kuiona ile slaidi ya kwanza. Ilikuwa imeshaoshwa itumike tena. Tulilipa mara mbili, tukanunua dawa mara mbili, na mpaka leo sijui ni nani kati ya wale wawili aliona kweli. Sisemi mmoja alidanganya. Mtu amesoma slaidi tangu asubuhi, macho yamechoka, rangi ya kupakia damu imechakaa, anaandika anachodhani ameona. Picha moja tu, ya simu yake mwenyewe, ingetosha daktari mwingine aangalie. Badala yake tulikuwa na neno la mtu juu ya neno la mtu, kama Delft mwaka 1677, na pasta hakuwepo.

Kinachonipa moyo kiko Dar es Salaam. Kuna hadubini inaitwa OpenFlexure, iliyoanzia kwa mwanafizikia Richard Bowman kule Cambridge na baadaye Bath, Uingereza, na michoro yake yote iko huru kwa yeyote kuchukua. Mwili wake unachapwa kwa printa ya 3D, plastiki tupu. Badala ya gia za chuma, plastiki yenyewe inajipinda kidogo kidogo na kusogeza slaidi kwa hatua ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Kamera ni ile ndogo ya Raspberry Pi, na lenzi yake imeng'olewa, ujanja ule ule wa wapenda nyota, kisha pakawekwa lenzi nyingine ya kufanya picha itoshee. Watu wa karakana ya STICLab ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya ya Ifakara wamekuwa ndani ya kazi hiyo, wakiiunda hapo hapo na kuijaribu kwenye slaidi za malaria. Ikiharibika kipande, unachapa kingine. Hakuna kungoja barua kutoka Ujerumani. Na kwa kuwa picha inahifadhiwa, jibu la maabara linaweza kuulizwa swali.

Haya, wale mnaotaka kuanza wikendi hii. Usinunue kishikio. Washa taa ya hadubini, shika karatasi nyeupe juu ya lenzi ya jicho, iinue polepole. Kuna mahali duara la mwanga litakuwa dogo na kali kuliko kwingine. Hapo ndipo kamera ya simu inapaswa kukaa, hapo hapo, si milimita 5 juu. Pima huo umbali, kata kipande cha bomba la plastiki kinachotosha, kibandike nyuma ya kasha la simu la mtumba lililotobolewa. Zima flashi. Gusa skrini na ushikilie mpaka simu ifunge mwanga na fokasi, la sivyo itakuwa inahangaika kila kimelea kikipita.

Ukitaka njia ya pili, tafuta kamera ya kompyuta iliyotumika. Luthuli Avenue zimejaa. Fungua kwa upole, zungusha lenzi mpaka itoke, na usiguse kile kipande cha ndani kwa kidole. Hadubini nyingi za shule bomba lake la juu lina kipenyo cha milimita 23.2. Bomba la nyaya za umeme la milimita 20 linaingia likiwa legelege, kwa hiyo lizungushie tepu nyeusi ya umeme hadi likaze. Kabla ya kuangalia kitu chochote cha maana, piga picha ya rula ndogo ya plastiki, ile yenye milimita, na uiweke picha hiyo kwa faili. Mtu akikuuliza kile kidudu kina ukubwa gani, utakuwa na cha kumwonyesha.